Mdogo Wetu na Swali la Ofisini

Mnisamehe mwandiko. Nimeandika kwanza kwa penseli, nikafuta, nikarudia kwa kalamu, na bado mistari inapanda mlima. Nilisoma hadi darasa la sita tu, kambini, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata kanisani hukaa karibu na mlango. Lakini karatasi hainitazami usoni, kwa hiyo nitajaribu, polepole.

Mwezi uliopita mke wa mchungaji aliniomba nimsindikize mama mmoja aliyefika juzi kutoka Burundi, akaandikishe watoto wake shule. Ofisi ilikuwa ile ile walikoandikishwa wadogo zangu miaka sita iliyopita. Viti vile vile vya plastiki, harufu ile ile ya kahawa iliyochemka mno, na simu ya mkalimani katikati ya meza. Watoto wake walikuwa wanne. Walipofika kwa wa nne, kijana wa miaka saba hivi, mama wa ofisini akauliza kama ni yeye aliyemzaa. Yule mama akatazama ukuta. Sikungoja mkalimani amalize. Nilimshika mtoto mkono nikamwambia twende nikuonyeshe bomba ambalo maji yake huruka juu ukilibonyeza. Tulibonyeza mpaka kola yake ikalowa. Tuliporudi, mama yake alikuwa amekwisha kujibu, macho mekundu, na kalamu ilikuwa inaandika.

Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ninayofua shuka za wazee kutwa nzima kule kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Temple Hills. Nikakaa, nikaikumbuka baridi yetu ya kwanza.

Tulifika huku Marekani watu wanne: Mama, mimi, mdogo wangu wa kiume mwenye miaka tisa, na mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka sita. Baba tulimzika kambini, Tanzania, mwaka mmoja kabla ya safari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, lakini makaratasi yalisema kumi na tisa. Ni kosa la siku tulipovuka mpaka, na baadaye hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulisahihisha. Basi wadogo zangu wakapangiwa shule, mimi nikapangiwa kazi. Sisemi hivi kwa uchungu. Nasema ili mjue kwa nini nilikuwa nyumbani wiki zile, nikingoja kibali cha kazi.

Tulipata nyumba ya vyumba viwili Riverdale Park, ghorofa ya pili, karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita, vijiko vilitetemeka kwenye droo. Darini palikuwa na kengele ya moshi iliyolia kila Mama alipokaanga ndagala, yaani dagaa, na kazi ya mdogo wangu wa kiume ikawa kusimama juu ya kiti akiipepea kwa taulo. Sombe, yaani majani ya muhogo, tuliyanunua yamegandishwa kama tofali, yametwangwa tayari na mashine. Mama aliyapika, akayala, lakini alisema sombe ambayo jirani hakuisikia ikitwangwa ni supu tu.

Nilikuwa nikiwaza vinu vya kambini. Asubuhi kule ilianza kwa vinu, kimoja hapa, kingine mtaa wa pili, mpaka ukadhani ardhi ina moyo. Mkeka wetu wa kulia ulikuwa mmoja na sufuria moja. Watoto wa Mama, watoto wa jirani aliyekwenda kupanga foleni ya mgao, watoto ambao hata hatukujua walitoka nyumba ipi, wote walinawa kwenye beseni moja. Mtu akiuliza huyu naye ni wa nani, Bibi yetu, ambaye tulimwacha kule, hakuinua hata kichwa. "Ni wa njaa kama wengine," alisema, na mwiko ukaendelea.

Sasa niwaambie kuhusu mdogo wetu wa mwisho. Alizaliwa na mama mdogo, yaani mdogo wake Mama wa tumbo moja. Mama mdogo alifariki mtoto akiwa na siku tisa. Mama alimpokea, akamfunga mgongoni, na tangu siku ile jambo hilo halikusemwa tena. Halikuwa siri, maana siri mtu huificha. Hili halikuwa na kazi tu. Kwetu mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, na kumtenga kwa mdomo mbele yake ni sawa na kuutupa mkeka wake nje. Mahojiano yote ya safari aliyafanya Baba, na Baba alisema ukweli, wakauandika. Mama hasomi. Aliubeba ukweli huo katika mfuko wa makaratasi tangu Kigoma mpaka Marekani bila kujua kwamba umeandikwa.

Siku ya kuandikisha, mdogo wangu wa kiume alipita haraka. Sindano za chanjo anazo, anwani ipo, mama ni huyu. Kisha wakafungua karatasi ya mdogo wetu. Mama wa ofisini, mtu mpole, alisoma, akamtazama Mama, akasema neno kwenye simu. Mkalimani alikuwa mwanamume mwenye sauti ya Mombasa, maneno yake laini.

"Mama, anauliza, huyu binti ni nani wako?"

"Ni mtoto wangu."

"Anauliza kama wewe ndiye uliyemzaa."

"Ni mtoto wangu," Mama akasema tena, kama mtu anayedhani simu haisikii vizuri.

Wakauliza mara ya tatu, kwa maneno mengine. Mdogo wetu alikuwa ameketi katikati yetu, miguu haifiki chini, begi jipya alilopewa kanisani mgongoni. Mama akavuta kitenge chake, akasema, "Umwambie mimi sikugawanya watoto." Mkalimani akatafsiri taratibu, neno kwa neno. Nadhani alielewa. Mimi nilijua jibu wanalolitaka, na Kiingereza changu cha kambini kingetosha kulisema. Sikufungua mdomo. Niliangalia viatu vyangu, na nimevikumbuka viatu vile miaka yote hii.

Basi karatasi ilisema hivi na Mama alisema vile, na ofisi haiwezi kumpa mtoto darasa kwa maneno mawili. Walitueleza twende mahakama ya kaunti, Upper Marlboro, Mama apewe karatasi ya ulezi. Mama alielewa hivi: lazima aende mbele ya hakimu akaseme huyu si wangu. Akasema haendi.

Wiki tano zilipita hivyo. Kila asubuhi basi la njano lilimchukua mdogo wangu wa kiume pale kwenye kona, na mdogo wetu alisimama dirishani amevaa koti na begi. Basi likiondoka hakuvua. Alikula na begi. Alikwenda chooni na begi. Nilijaribu kumfundisha kwa maharage mezani, tatu na nne ni ngapi, naye alijibu sawasawa, kisha akarudi dirishani. Mama alikuwa ameanza kazi ya usafi na alirudi jioni bila kuuliza kitu. Simu ya shule ikilia na sauti ya mashine iliyorekodiwa ikaanza kusema, Mama alikuwa akiisalimia, "Eeh, jambo, habari ya kazi?" akisubiri ijibu. Siku nyingine tungecheka. Wiki zile tulimwachia tu.

Siku moja, maharage yakiwa mezani, mdogo wetu akaniita. Kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

"Yaya, mimi nilikosa swali gani?"

"Swali gani?"

"Kule ofisini. Kaka alipita. Mimi nilikosa gani?"

Alikuwa amefikiri ni mtihani. Wiki tano alikuwa akijipima, pengine hakukaa vizuri, pengine alipaswa kuvua kofia. Nilimwambia hakukosa kitu, lakini aliendelea kupanga maharage, nikaona haniamini. Jioni Mama alipoingia, mimi ambaye sijawahi kumjibu Mama nilimfuata jikoni nikamwambia alichosema mtoto. Maneno hayo tu. Mama aliiosha sufuria iliyokuwa safi.

Kesho yake akanituma kwa jirani wa chini kumwomba atupeleke mahakamani. Jirani huyo alikuwa mama Mmarekani mweusi, amestaafu kuendesha mabasi ya jiji. Alijifunza Kiswahili ujanani kwa madarasa ya jioni, ili apate kuwapa watoto wake majina anayoyaelewa. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Siku ya kwanza alimwamkia Mama shikamoo, na Mama, aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini, akaniuliza kwa sauti ndogo huyu anataka nini. "Anasema kama Biblia," Mama alisema baadaye, na kuanzia hapo tukamwita hivyo, mama Biblia, naye akajua na akafurahi. Nilimweleza habari yetu. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mtoto anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi asiyasikie kwanza kwa hakimu."

Tulikwenda asubuhi moja, kwa gari lake. Mama mbele, mimi na mdogo wetu nyuma, begi lipo. Theluji ya kando ya barabara ilikuwa imegeuka nyeusi.  Kisha Mama akaanza kusema, kwa Kiswahili cha kwetu, akitazama mbele.

"Sikia. Kuko mama alikubeba mu tumbo. Alikuwa mdogo wangu. Alikufa, wewe uko na siku tisa, mimi nikakupokea. Leo batu ba huku batauliza, na nitabajibu vile. Ukisikia, usiogope."

Mdogo wetu aliuliza tulipofika kwenye taa nyekundu.

"Na kaka, alibebwa na mwingine?"

"Hapana."

"Na yaya?"

"Hapana."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako," Mama akasema.

Taa ikawa kijani na jirani hakuiona mpaka gari la nyuma likapiga honi. Mdogo wetu akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Mama akataja jina. Sikuwa nimelisikia kwa miaka sita. Sijui kuliandika vizuri, na sitaliandika hapa. Mdogo wetu alilirudia mara mbili, taratibu, kama anavyorudia neno jipya la Kiingereza, kisha akavua begi, akaliweka miguuni, akalaza kichwa kwangu mpaka tulipofika.

Mahakamani haikuwa kitu kikubwa. Chumba chenye joto, bendera, mtu mwenye kompyuta. Mama alijibu yote. Alipoulizwa nani aliyemzaa mtoto alisema, "Mdogo wangu. Na mama yake ni mimi." Mkalimani akayapeleka yote mawili, hakuna aliyekataa. Baada ya siku chache mdogo wetu alipanda basi la njano, akakaa kiti cha mbele, hakutupungia mkono.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kabla theluji haijaisha, wadogo zangu waligombania rimoti ya televisheni, na yule wa kiume akamwambia, "Wewe hata si wa Mama." Alikuwa na miaka tisa, ameisikia habari ya mahakama, hakupima.  Mama aliweka mwiko chini na siku ile hakula. Hakumpiga. Nafikiri alijua kwamba maneno yale hayakuwapo kwetu kabla. Mtoto hawezi kurusha jiwe ambalo halipo uani. Sisi wenyewe tulikuwa tumelileta, pamoja na karatasi yenye mhuri, na bila karatasi ile mdogo wetu asingesoma. Nimeligeuza hili mara nyingi nikikunja shuka, sijapata njia ambayo tungepita bila kulileta.

Sasa mdogo wetu ana miaka kumi na miwili. Ni wa kwanza katika hesabu. Tunamsemesha Kiswahili, anajibu Kiingereza. Mama anamwita mtoto wangu, naye anaitika. Mkeka hatuna, tuna meza ya viti vinne, na kila mtu anajua kiti chake. Mama Biblia amehamia kwa mwanawe, mbali. Bibi alifariki kambini mwaka juzi, na sijui kama mtaa wetu wa kule bado una watu.

Lakini tangu mwaka huu mdogo wetu amekuwa akija kitandani kwangu kuniuliza kuhusu aliyemzaa. Mama hawezi. Akianza, huinuka kwenda kuosha vyombo. Mimi nilikuwa na miaka kumi mama mdogo alipokufa, na nimekwisha kutoa vyote nilivyo navyo. Kwamba alikaanga mihogo akauza karibu na bomba la maji, upande wa zahanati. Kwamba alikuwa mrefu, na alifunga kitambaa kichwani fundo likiwa mbele. Kwamba alipocheka alifunika meno kwa kiganja. Juzi aliniuliza sauti yake ilikuwaje, nyembamba au nzito. Sikumbuki. Nilikaribia kubuni, nikaogopa.

Ndiyo maana nimeandika. Kambi yetu ile ya Kigoma ilikuwa na watu wengi, na wengi wenu mko huku sasa, au Kanada, au bado mko kule kule. Kama ulinunua mihogo pale bombani, kama ulisimama naye foleni hata siku moja, uniandikie kupitia hawa watakaochapisha barua hii. Mistari miwili inatosha. Mtoto anauliza sauti, na mimi nimeishiwa.