Kofia za Mama Hazikubaliwi

(Jina la mwandishi tunalo, ameomba tusilitoe.)

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na miwili, ni karani katika ofisi moja ya Serikali. Nakaa Kariakoo na mama yangu. Baba amefariki, na mama yumo edani: hatoki nje wala haonani na wanaume wa kando.

Ndipo akanijia njiani bwana mmoja, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Anatafuta wanawake wa kudarizi kofia majumbani mwao. Atazinunua zote, ila kitambaa na uzi lazima wanunue kwake kwanza. Mama akatoa bangili zake ziwe malipo, nikazipeleka mimi. Kofia ya kwanza ilisifiwa na kulipwa papo hapo. Majirani waliposikia, nao wakanipa mapambo yao.

Tangu hapo haikufaa hata moja. "Uzi umelegea." "Tundu za darizi zimepinda." Na kila iliyokataliwa ilitaka kitambaa kipya. Mama akasema macho yake yameharibika kwa kulia.

Nikamweleza Mwarabu mmoja muuza kofia sokoni. Akaniuliza, "Kazi gani hiyo, kijana, mfanyakazi ndiye anayelipa?"

Nikanunua kwake kofia iliyo bora kuliko zote, nikampelekea yule bwana kama kazi ya mama. Akaigeuzageuza, akatikisa kichwa. "Mwambie mama apumzike. Mkono wake umekwisha."

"Hii nimeinunua sokoni," nikamwambia.

Akacheka. "Basi nenda polisi, Bwana Karani! Waeleze ni nani aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya bangili za wanawake. Mimi wameniona wapi?"

Ni kweli. Hakuna hata mmoja anayemjua sura. Wananijua mimi. Na ofisini kwetu karani akishtakiwa kwa wizi, kazi hana.

Jana mama alinionyesha kofia mpya, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Hii hawezi kuikataa, mwanangu." Nikaitikia tu.

Leo Bi Mwanaidi, jirani yetu, kanipa vipuli vyake, naye anataka kuanza. Vimo mfukoni mwa koti langu ninapoandika haya. Nikimrudishia, atauliza bangili za wenzake ziko wapi, na mama atasikia yote nyuma ya pazia. Nikinyamaza, kesho ataniuliza kitambaa chake.

Ndugu zangu, nipeni shauri, naogopa: nianze kumwambia nani, mama, majirani au polisi?