Kanzu Niliyoivaa Siku ya Idi

Nichekeni, ila taratibu, bado naumwa.

Kila Idi mama huitoa sandukuni kanzu ya kaka yangu Shabani, akaifukiza udi, kisha akairudisha. Shabani hatujamwona tangu vita vitutawanye. Safari hii niliikuta imetundikwa kwenye mlango wa chumba nilichokuwa nikilala na Shabani. Nikajua mama amekata tamaa, kanipa mimi. Nikaivaa, nikajiona bwana harusi, nikatoka bila hata kumuuliza.

Alasiri palikuwa na festa, sherehe ya Idi, uwanjani hapa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, na mshika maikrofoni ni mimi, mropokaji mkuu. Akapanda mwanamke mwimbaji maarufu kutoka mji wa Pemba, huku huku kwetu Msumbiji. Kabla ya kuimba, akataka tuwaombee waliopotea vitani, na serikali iwatafute. Wazee wakaitikia amina. Vijana wakaguna, eti anatafuta sifa. Nami kwa kiu yangu ya kushangiliwa nikapaza sauti: "Senhora, leo Idi, siyo matanga. Tuimbie!"

Wakanipigia makofi.

Akanitazama bila hasira. "Haya, kaka. Ila mwenye mtu wake ambaye hajarudi, asimame nimwone."

Walisimama wengi. Upande wa wanawake, mbele kabisa, alikuwa mama.

"Mimi ninaye," alimwambia mwimbaji. "Nimesikia watu wanarudi, nikamtundikia kanzu yake mlangoni, akija asikose ya kuvaa. Ndiyo hiyo hapo, mwanangu. Kaivaa mdogo wake, huyo anayekukataza."