Shamba la Wapitaji

Rosine hakuwa mtu wa kukaa. Hata alipoketi kumenya mihogo, kisigino chake kimoja kilikuwa kikipanda na kushuka, kama cha mtu anayengoja kuitwa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alipita mahali pikipiki zinapongojea abiria wa Kabambare, akauliza njia ya Lusangi iko namna gani. Madereva walikwisha kumzoea. Mmoja wao, Moustapha, hakungoja hata afungue kinywa.

"Mama Rosine, njia iko palepale. Haikuhama."

"Na watu?"

"Watu ndio wanahama."

Rosine alicheka, akaweka jembe begani na kuondoka kwa haraka, ingawa shamba lilikuwa karibu na jua lilikuwa bado la chini.

Alikuwa amefika Kasongo mwaka mmoja na miezi minne kabla, kwa miguu, siku watu wa kwao walipokimbia risasi. Blaise, mume wake, alikimbilia upande mwingine. Baadaye habari zikaja kwamba yuko hai, amerudi kijijini kwao Lusangi, anachimba dhahabu na kujenga upya nyumba iliyoungua. Watoto wao wawili walikuwa watu wazima, wenye makazi yao Kindu. Kwa hiyo Rosine hakuwa na sababu ya kubaki Kasongo isipokuwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa inapungua mwezi kwa mwezi. Katika chumba alichopanga hakutundika kitu ukutani. Nguo zake zilikaa ndani ya mfuko, zimekunjwa.

Humo chumbani aliishi na Marie. Walikutana njiani siku ya tatu ya kukimbia, msichana wa miaka kumi na sita, peke yake, ameshika viatu mkononi. Walipokaribia kumaliza mwaka mjini, tumbo likaonekana. Rosine hakuuliza baba ni nani, na Marie hakusema. Nadhani kati yao kimya hicho ndicho kilichowafanya kuwa mama na mwana. Alichosema Marie, na alikisema mara nyingi, ni kwamba akizaa atarudi shuleni, kidato kilekile alichokiacha.

Shamba lilipatikana kwa mdomo wa Rosine. Walikuwa wanawake kumi na mmoja wa ukimbizini, wengine wajane, wengine hawajui kama ni wajane, na walimtuma yeye kwa sababu hakuogopa kusema na wenye mali. Alikwenda kwa Muzee Lukumani, mfanyabiashara wa vitambaa sokoni, wa familia ya Waislamu wa zamani wa mji. Baba yake Lukumani, marehemu Ramazani, aliacha udongo mwingi upande wa kijito.

"Muko wapitaji ao muko wakaaji?" Lukumani aliuliza.

"Wapitaji, muzee. Karanga tu. Tukizingoa, tunakwenda."

Alisema hivyo bila kuwauliza wenzake. Kwake lilikuwa neno la kweli. Lukumani akaridhika, akawapa kipande cha kijitoni. Mwezi wa tisa, mvua ilipoanza, wakapanda.

Marie alijifungua mwezi wa kumi na moja, mtoto wa kike, kwenye kituo cha afya. Mkunga alimkabidhi Rosine ndoo ndogo yenye kifuniko, ndani yake kondo la nyuma, kama wanavyowakabidhi jamaa wote. Kwao Lusangi mambo hayo hayana maneno mengi. Mama mzima wa nyumba huchimba nyuma ya jiko, huzika, na juu yake hupanda chipukizi la mgomba, ili mtoto awe na mahali damu yake ilipo. Rosine alikwisha kupanda miwili, ya wanawe. Lakini chumba cha kupanga hakina nyuma. Kilikuwa na ua wa saruji wa watu wanne, na ng'ambo ya ukuta palikuwa na barabara. Akatembea na ndoo ile chini ya kitenge, mara huku mara kule, mpaka miguu ikampeleka shambani. Akachagua mahali penye majimaji, mwisho wa mistari ya karanga, kando ya njia. Akachimba, akazika, akapanda mgomba. Akarudi na kumwambia Marie, "Mutoto iko na mahali."

Hakujua kwamba pale mwisho wa mistari ndipo mpaka wa shamba ulipo. Na hata kama angejua, kuna jambo ambalo mgeni hulifahamu akiwa amekwisha kulikosea: Kasongo, mwenye kuazima shamba hupanda kitu cha msimu, akavuna, akaachia. Anayepanda mgomba au mchikichi ameweka mkono juu ya udongo. Ameupanda mpakani? Huyo hata hafichi.

Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza majani ya karanga yalianza kuwa na madoa na kugeuka manjano. Wanawake waling'oa shina moja kujaribu, wakapasua ganda, wakaona ndani yake pameanza kuwa na rangi ya kahawia. Zilibaki siku chache. Siku hiyohiyo Lukumani alipita kuangalia, akasimama mbele ya mgomba. Ulikuwa umemfika kiunoni.

"Nani alipanda?"

"Ni mimi, muzee," Rosine alisema.

"Karanga ndiyo hii?"

Wanawake wengine walicheka kidogo, wakaacha.

"Nakuuliza, mama. Uliniambia muko wapitaji. Mupitaji anapanda mugomba kwa sababu gani?"

Lukumani alikuwa mwanaume, mtu mzima, si wa ukoo wa Rosine. Mambo ya uzazi hayatajwi mbele ya mtu kama huyo, sembuse kumwambia kilichokuwa chini ya miguu yake.

"Ni mambo ya wamama," alisema.

"Mambo ya wamama ni kunyanganya shamba?"

"Hapana, muzee."

"Basi sema!"

Lukumani alingoja, akatikisa kichwa. Alitangaza kwamba Jumamosi watakutana kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, na kabla ya hapo mtu yeyote asing'oe hata shina moja.

Jumamosi ilikuwa siku nne mbele, na mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Karanga zilizokomaa zikikaa kwenye udongo wenye maji huota humohumo ardhini, na zikiota hazina kazi. Kila mmoja wa wale kumi na mmoja alilijua hilo. Njiani walimzunguka Rosine.

"Wewe na mugomba wako!"

"Tulikutuma kuomba shamba, wewe unalioa!"

"Angalau mimi ninarudi kwetu," Rosine aliwajibu kwa hasira. "Ninyi mutabaki naye."

Hapo wakaacha kumzunguka, na yeye akasikia alichokisema. Wengi wao hawakuwa na pa kurudi. Vijiji vingine vilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Mmoja wao alikuwa na binti anayesoma darasa la sita. Mwingine alikwisha kumzika mama yake hapahapa Kasongo.

Kesho yake Moustapha alimletea ujumbe wa Blaise. Aliukariri akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, macho juu, kama mwanafunzi. "Amesema hivi: nyumba imekwisha kuezekwa. Njia iko muzuri sasa. Kuja mwisho wa wiki, na Moustapha, nimekwisha kumulipa." Kisha akaongeza kwa niaba yake mwenyewe, "Ni kweli, amenilipa. Mubebe kidogo, mama, matope ni mengi."

Kwa mwaka mzima Rosine alikuwa amengoja maneno hayo. Alirudi chumbani, akaushika mfuko wa nguo, akaushusha, akaushika tena. Marie alikuwa akinyonyesha kitandani, amemfuata kwa macho.

"Utakwenda, mama?"

"Sijui."

"Ukienda, mimi nitakusindikiza mpaka wapi?"

Rosine aliuweka mfuko chini. Akatoka nje kufua nguo zilizokuwa safi.

Alasiri ya Alhamisi alikuja mwanamke wa makamo, amejifunga ushungi, ana mwavuli. Ni Aziza, dada yake Lukumani. Rosine alikuwa amemwona mara moja dukani kwa kaka yake. Aziza hakukaa mpaka alipokwisha kumwangalia mtoto, miguu na vidole, kama mtu anayekagua kitambaa.

"Kaka yangu hasikii kitu kingine siku hizi, ni mugomba, mugomba," alisema. "Nikapita shambani. Nikauona. Udongo wa chini uko juu. Mutu akipanda mugomba tu, hachimbi vile." Akaelekeza kidevu kwa mtoto. "Ni yake?"

"Ni yake, Mama Aziza."

"Na wewe ukashindwa kumwambia."

"Ningemwambia namna gani?"

Aziza alicheka mpaka akajifuta machozi. "Masikini Lukumani! Amesimama pale na viatu vyake vya sala!" Kisha akaacha kucheka. Akasema ule udongo wa kijitoni baba yao aliugawa kabla hajafa, na kipande kile ni chake yeye. Lukumani alimwambia wakati ule, wewe ni mwanamke, nitakulimia mimi. Miaka kumi na tisa alikuwa akimlimia, na yeye hakuwahi kuuliza chochote.

"Jumamosi nitakuja kwa shefu," alisema, akafungua mwavuli.

Shefu wa kartie aliwapokea barazani kwake, daftari juu ya magoti. Lukumani alisema maneno yake. Aziza akainama, akamnong'oneza kaka yake sikioni, kwa muda mfupi. Lukumani aliangalia viatu vyake. Akakohoa.

"Sawa," alisema bila kumtazama mtu. "Mambo ya mugomba tuache. Mungu amukuze mutoto. Leo wangoe karanga zao. Kisha waende, kama walivyoniambia. Mama huyu alitamka mwenyewe: tunakwenda."

Shefu akamgeukia Rosine. "Ni kweli ulisema?"

"Nilisema."

"Basi imekwisha."

"Nilisema kwa ajili yangu," Rosine alisema. Alikuwa amesimama, maana kiti walichompa hakukikalia. "Hawa sikuwauliza. Mimi nilikuwa naota njia, nikafikiri kila mutu anaota njia. Wale hawana kwa kwenda. Wanaomba shamba la kukaa. La mihogo. Niliwasemea vibaya, ninarudisha neno langu."

"Neno halirudishwi kama sahani," Lukumani alisema.

"Shamba la nani?" Aziza aliuliza.

Ndipo Aziza alipoeleza, kwa sauti ya kawaida, habari ya mgawanyo wa baba yao, akiwataja wazee wawili waliokuwepo, nao wangali hai. Lukumani hakukana. Alisema tu kwamba hakuona haja ya kuleta mambo ya nyumbani barazani.

"Ni wewe ulituita barazani, kaka."

Shefu alifungua ukurasa mpya. "Basi niandike. Shamba la Aziza Ramazani, linaazimwa kwa miaka..."

"Mitatu. Na mugomba unabaki."

"Miaka mitatu. Kwa nani? Bwana yako ni nani, mama?"

"Blaise."

"Iko wapi?"

"Lusangi."

"Nitamuandika je mutu hayuko?"

"Mimi niko," Rosine alisema.

"Andika mwenye kushika jembe," Aziza alisema. Akamgeukia Rosine, na sasa hakuwa na mchezo usoni. "Lakini sikiya. Leo nimebishana na kaka yangu mbele ya watu. Sijapata kufanya hivyo tangu nizaliwe. Sitaki kusemezana na wamama kumi na mmoja, kila mutu na lake. Nataka mumoja. Nasikia pikipiki inakungoja. Utapanda uniachie haya?"

Pikipiki ilikuwa ya kesho yake. Rosine aliwatazama wenzake waliokuwa wamesimama uani, Marie kati yao na mtoto mgongoni. Walikuwa wanamwangalia bila kumwomba. Kama wangemwomba, pengine ingekuwa rahisi kukataa.

"Andika Rosine," alimwambia shefu. "Chini yake waandike wote, majina yao, si ya mabwana."

Mchana huo waling'oa karanga mpaka mikono ikawaka. Za sehemu ya chini, karibu na maji, zilikuwa zimekwisha kuota, wakazitupa. Nyingine zilipona. Moustapha alipewa jibu la kumpelekea Blaise: mimi siwezi kuja, kuja wewe. Moustapha alisema mwanaume haitwi hivyo. Rosine alimwambia aseme vilevile. Blaise hajajibu hadi leo ninapoandika, na Rosine haongei habari hiyo na mtu.

Wiki ya pili Aziza aliwaletea fimbo za mihogo za kupanda. Wenzake walipanda polepole, wakisimuliana. Rosine alikuwa mbele yao mistari mitatu, akikata, akichomeka, akikanyaga, jasho linamtoka kama mtu anayekimbizwa.

"Mama, taratibu," Marie alimwambia. Alikuwa na sare ya shule, amepita tu kumchukua mtoto. "Mihogo haikimbii."

"Najua haikimbii," Rosine alisema, na kuchomeka fimbo nyingine. "Miezi kumi na minane! Mutoto wako atakuwa anatembea, mimi niko hapa nangojea mihogo."

Akasogea mbele, akainama tena.