Makofi Matatu na Kishindo cha Mguu

Naona aibu kuandika haya, lakini wenzangu wa Rukoki wanayasimulia vibaya kuliko yalivyokuwa, basi bora niyaseme mwenyewe.

Mdogo wangu Baluku ni fundi wa friji, na siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe zake Mpondwe (watu waliotoka Butembo, upande wa Kongo, wastaarabu sana) msemaji wetu nilikuwa mimi. Tulikuwa tumeonywa kwamba baba wa msichana hamtoi binti kwa kijana asiye na kazi ya kueleweka, nami nikaamua, peke yangu, bila kusukumwa na mtu, kwamba "fundi wa friji" ni jina dogo mno, nitasema "refrigeration technician". Jirani yetu Madamu Biira, mwalimu wa chekechea, akanifundisha kulikata vipande: kila kipande kofi, penye mkazo kanyaga mguu. Re, fri, ge, RA, tion. Nyumbani nililiweza (mke wangu shahidi, ingawa alikuwa anacheka).

Siku yenyewe, tumeketi chini ya hema uani kwao, mzee akauliza, "Huyu mutoto iko anafanya kazi gani?"

Nikasimama, ulimi ukakwama kwenye "refi", mikono ikaanza yenyewe: pa, pa, pa! Sasa kwao mtu wa heshima hupigiwa makofi ya mpango, matatu kwa pamoja, wakadhani nawaheshimu, hema zima likajibu pa, pa, pa! Nikaanza upya, wakajibu tena, mama mmoja akapiga vigelegele, mzee akafurahi, akainuka kuja kunipa mkono, na hapo ndipo nilipofika kwenye RA, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote juu ya vidole vyake.



Baluku akaninong'oneza, "Kaka, umenimaliza."

Mzee akakaa, ameshika mguu. "Mukwe, mimi niliuliza kazi. Kazi!"

"Anatengeneza friji, baba."

"Frigo? Iko fundi ya frigo?" Akausahau mguu. "Yangu ilikufa tangu Pasaka, samaki inaoza! Si ungesema?"

Baluku akavua koti la suti akaingia nyuma ya friji, sisi tukala bila yeye, na ilipoanza kunguruma mzee akasema binti ametolewa.

Kusema haki, Madamu Biira hana kosa, alifundisha sawa, mguu ulikuwa wangu. Ila nimeapa: mbele ya wakwe, kazi ya mtu nitaitaja kwa maneno yale yale wanayomwitia fundi friji ikifa. Na kila nikifika Mpondwe mzee hunipokea kwa makofi matatu, kisha anavuta miguu yake chini ya kiti.