Filimbi Mara Moja, Filimbi Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuona mlima wala msitu. Niliona ghala la mahema chini ya nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale, joto kama jikoni, na Mkuu wa Safari ameketi juu ya gunia la vigingi akivitazama viatu vyangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kazi yetu ilikuwa kuwapeleka watu wa kisiwani, hasa wanafunzi, kutembea na kulala hemani kwenye mji mdogo wa milima ya Taita, ukingoni mwa mbuga ya wanyama.

"Wewe Hamisi, Mdigo wa Matuga, baridi waijua?" akaniuliza.

"Naisikia tu, mzee."

"Basi utaijua."

Alinifundisha mambo ambayo nyinyi vijana wenye simu mifukoni mtayacheka. Anayeongoza msafara huitwa kichwa. Wa nyuma kabisa ni mkia. Ukungu ukishuka, wote hushika kamba yenye mafundo, kila mtu fundo lake. Kichwa hupiga filimbi mara moja, mkia hujibu mara mbili. Mkia haanzi kamwe, kwa sababu mlima hurudisha sauti na watu hupotezana.

"Na jina la mtu haliitwi ukunguni," akasema Mkuu. "Hata mara moja, mwanangu. Ukiita wewe, na wengine hujifunza kuita."

Sikumwuliza hao wengine ni nani. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza.

Nilipofanywa kichwa, mkia wangu alikuwa Maryamu, binti wa Kibokoni, aliyeajiriwa kwa kuwa wazazi wa Mji wa Kale hawakukubali mabinti zao waende mlimani bila mwanamke mzima. Alikuwa na ulimi mkali na hatua nyepesi. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza, ila ujasiri wa kumwambia sikuwa nao.

Asubuhi moja tulikuwa na wasichana kumi msituni, juu ya ule mji mdogo, ukungu ukashuka. Nikaamuru kamba ishikwe. Nikapeleka mkono shingoni, filimbi haipo. Nilikuwa nimeiosha na kuitundika msumarini kule ghalani Kibokoni. Kwa aibu sikusema neno, nikaongoza hivyo hivyo. Tulipofika mahali peupe niliwahesabu wasichana kwa kuwagusa vichwa: kumi. Nikaifuata kamba hadi mwisho wake. Fundo la mwisho lilikuwa tupu, limeloa.

Nilijua genge, poromoko la mlima, liko karibu, na mtu akiteleza pale haokotwi mzima. Hofu ikanitia upumbavu.

"Maryamu!" nikaita. "Maryamu!"

Kisha, kutoka bondeni, taratibu, nikasikia sauti yake. "Hamisi." Nikapiga hatua mbili kuifuata. "Hamisi." Msichana mmoja akaning'ang'ania shati.

"Mwalimu, usende," akasema.

Ndipo akili ikanirudia. Nikafungua sufuria iliyokuwa kwenye mzigo wangu, nikaigonga kwa upawa mara moja. Filimbi ikajibu mara mbili, nyuma yetu, upande wa juu, mbali kabisa na ile sauti.

Tulimkuta Maryamu amekaa chini ya mti na kiatu kilichomvuka msichana mmoja mkononi. Alikuwa ameachia fundo ili akiokote.

"Mbona hukwitika?" nikamwuliza kwa hasira na furaha.

"Nimwitike nani? Nalisikia nikiitwa kule bondeni, kwa sauti yako. Nami nangoja filimbi, weye wanigongea sufuria kama muuza kahawa!"

Ukungu ulipoinuka tulirudi kutazama. Mbele ya nyayo zangu mbili hapakuwa na mahali pa kuweka ya tatu.

Tuliporudi Kibokoni nilikiri kila kitu. Mkuu aliitoa filimbi msumarini, akanivika mwenyewe, na hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Majina yenu yashajulikana huko," akasema. "Lako na la yule binti."

Mwaka uliofuata nilimposa Maryamu. Mbali na mahari alinipa sharti moja: nisimwite kwa jina nisipomwona, naye hataniita. Majirani zetu wa Tudor, mtaa tuliohamia, walitucheka miaka yote. Mimi mlangoni, filimbi mara moja. Yeye jikoni, mara mbili.

Wakuu walibadilika. Meneja aliyefuata alileta redio za mkononi, akasema filimbi ni mambo ya kale. Redio nilizibeba, na filimbi nikaivaa ndani ya shati. Nilistaafu bila kupoteza mtu, na hilo najivunia.

Maryamu alifariki masika yaliyopita. Filimbi yake nimeitundika msumarini, karibu na mlango wa jikoni. Tangu hapo, alasiri nyumba inapotulia, naitwa kutoka ngazini. "Hamisi." Ni sauti yake hasa, na moyo wataka kuitika. Katika kazi zangu zote sijapata kuona iliyo ngumu kama kunyamaza hapo. Lakini mke wangu, tangu tuoane, hakuniita hivyo nisipomwona hata siku moja. Basi naishika filimbi yangu, napiga mara moja, kisha natega sikio upande wa jikoni.