Mtungi Usiozungushwa

Nilimtazama mwenzangu akifinyanga nikajiuliza kama ndiye yule ninayebadilisha naye mashuka katika makao ya wazee kule Sutton Coldfield, huku ughaibuni. Yeye ni Mlenka wa milima ya Honduras, mimi Mluhya wa Kakamega. Katika karakana ya Hockley wengine waliketi kwenye magurudumu, udongo ukizunguka mbele yao. Yeye aliuacha mtungi utulie mezani, akauzunguka mwenyewe kinyumenyume, kiganja kikipandisha udongo taratibu. Mwenye karakana alimsihi ajaribu gurudumu, akakataa kwa upole. Mikono ile ilinipendeza hadi chai yangu ikapoa.

Mtungi ulikuwa na kazi yake. Mama yake, mgonjwa huko kwao, kila akipiga simu alimuuliza atarudi lini. Aliposikia binti yake amekodi kijishamba Sparkbrook, alimwonya asipande mahindi kabla hajailipa ardhi, na ardhi hulipwa kinywaji cha mahindi kutoka mtungi wa udongo, kama walivyofanya Walenka wa kale. Mtungi wa kwanza ulipasuka tanurini. Nikamwambia atumie jagi langu la plastiki, ardhi haitajua. Alinitazama mpaka nikaona haya.

Wa pili ulitoka mzima, mweusi tititi kwa moshi. Nilijivunia kana kwamba nimeufinyanga mimi.

Jumamosi tukaenda shambani. Mimi mtu wa kanisa nilisimama kando kwanza, hadi harufu ya kile kinywaji iliponifikia. Ilikuwa pombe ya busaa ya nyanya yangu kabisa. Nikasogea. Akawasha ubani, akamimina chini fungu la ardhi, ndipo akanipa kikombe. Nilikunywa, na sijatubu hadi leo.

Kisha akampigia mama yake. Mama haoni tena, alitaka kusikia tu. Mwenzangu akaugonga mtungi kwa ukucha, ukaitika. Mama akasema maneno machache kwa Kihispania, na mwenzangu akaketi pale pale kwenye udongo akalia.

Nikachuchumaa kando yake nikamuuliza amesemaje.

"Amesema nisirudi kumzika, dada," akanijibu. Hilo la dada nilimfundisha mimi. "Amesema ardhi ikishakunywa kutoka mkononi mwangu, hapo ndipo kwetu."