Jipsam ya Mke Mkubwa

Sogeeni karibu, na mwenye simu ainyamazishe, kwa maana hili nililiona mwenyewe hapa Garissa. Jirani yangu, mke mkubwa, alisikia mke mwenzake amewekewa dari ya jipsam nyeupe sebuleni. Hakumpa mume usingizi mpaka fundi akaletwa. Fundi alipima, akatikisa kichwa.

"Mama, dari yako ya zamani iko chini. Nikipachika jipsam chini yake, feni itakata watu vichwa."

"Yule amewekewa?"

"Amewekewa, lakini nyumba yake imeinuka."

"Basi toa feni!"

Mume akashika ndevu. "Wallahi, na hili joto?"

"Joto nimelizoea. Kumwona yeye akinizidi ndiko sijazoea."

Jipsam ikapachikwa, ikang'aa kama maziwa ya ngamia. Majirani tuliisifu, mashaAllah, huku tukijipepea kwa mitandio. Mwenyewe alitiririka jasho, akasema kuna baridi kidogo.

Feni ameirithi mke mdogo, na sasa anazo mbili. Mume amerithi mkeka wa uani. Mimi nimerithi kiti kwa mke mdogo, pale penye upepo, na nawaomba msimsimulie jirani yangu kisa hiki.